"MASHINE IMEPATA NINI?" Swali la kwanza lilikuwa hilo, jamani!

Naandika nikiwa stejini ya boda, hata nyumbani sijafika. Nikisubiri nifike nitapasuka.

Huyo mzee, bosi wetu, mnamjua, simtaji. Kila aliyewahi kubeba gunia pale Namanve, kwenye viwanda nje ya Kampala, anamjua. Yule mwenye funguo kiunoni nyingi kuliko za gereza, akiwa getini sisi ndani tunamsikia.

Leo saa nne asubuhi kijana wa zamu ninayoisimamia kavutwa mkono na mkanda wa kinu. Vidole viwili. Mkanda uko wazi wiki ya tatu sasa, maana yeye mwenyewe aliamuru kifuniko kitolewe, eti kinamchelewesha fundi. Nikazima umeme, nikamfunga kijana kwa shati langu, kwa sababu kisanduku cha huduma ya kwanza ndani kina kitabu cha risiti na chaja ya simu ya mzee. Basi.

Mzee anakuja mbio. Nikasema afadhali, mtu mzima kafika. Banange! Kijana amekaa chini anavuja damu, mzee akamruka. AKAMRUKA, kama mtu anavyoruka dimbwi la mvua! Akaweka kiganja juu ya kinu akauliza: "Mashine imepata nini?"

Mashine. Imepata nini.

Tena kwa Kiswahili, tusikie wote, wa Arua, wa Gulu na wa Busia. Anakipapasa kinu kile kama mtoto mwenye homa! Kingepata joto kidogo angekikimbiza hospitali ya Mulago kwa ambulensi na ving'ora. Kijana kaenda kwa boda, nauli nimetoa mimi. Halafu: "Futeni hapo, lori la Juba linaondoka saa nane." Na glavu iliyochanika atamkata kijana kwenye mshahara.

Glavu nitaisahau. Lori nitalisahau. Lakini mtu yuko chini, unamruka, unauliza mashine imepata nini?

FundiMikanda: Pole sana ndugu. Nilifanya hapo miezi minane. Siku niliyoanguka na ngazi aliuliza kama ngazi imevunjika.

DadaWaMukono: Na wewe msimamizi, wiki tatu mkanda uko uchi, nani alikuwa anawaambia vijana waanze kazi kila asubuhi? Si wewe? Leo umeona damu ndiyo umekuwa wakili.

Mwenye uzi: Dada, nimemwambia mara tatu, ya mwisho kwa karatasi. Ningezima kinu ningefukuzwa siku hiyohiyo. Lakini umesema kweli, ningezima. Hilo litanikosesha usingizi. Ila mtu anaruka damu anauliza MASHINE?

MzeeWaBombo: Wanangu, punguzeni kelele, fanyeni hivi. Sheria ya usalama kazini ya 2006 inasema vifaa vya kujikinga ni mzigo wa mwajiri, hakati mtu hata shilingi. Mashine inayozunguka lazima izibwe. Na asiwadanganye kwamba kijana alizembea: sheria ya fidia inamlipa hata kama alizembea, na matibabu ni juu ya mwajiri. Andikeni leo saa, mahali na majina ya walioona, mpeleke kwa afisa wa kazi wa wilaya. Pigeni picha ya mkanda kabla kifuniko hakijarudi.

Mwenye uzi: Shikamoo mzee. Kifuniko kimerudi saa kumi jioni. Kimepakwa na rangi.

FundiMikanda: Hahahaa, rangi haijakauka hiyo! Kapige picha sasa hivi, uiguse na kidole.

KibaruaArua: Afisa wa kazi yupi? Wa wilaya yetu ukitaka aje kiwandani unamtumia wewe nauli.

MtuWaJinja: Mimi nilipata bosi mwanamke hapa Jinja, kila mtu alikuwa na ruhusa kubonyeza kitufe chekundu, hata mfagiaji. Ukibonyeza bure hakuulizi, anakushukuru. Asubuhi tunasimama dakika tano, kila mmoja anasema alichoona kibovu jana. Na mzigo ulitoka kuliko viwanda vyote nilivyofanya, kwa sababu watu hawafanyi kazi jicho moja likiwa kwenye mkanda. Huyo wenu anaokoa dakika za fundi, anapoteza mikono.

KibaruaArua: Nyinyi mna bahati mnalia vidole. Mimi bosi ananikata asilimia 5 ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, kila mwezi, asilimia 10 yake sijaiona, na hata hiyo yangu haijafika. Salio ni sifuri! Nikimuuliza anasema kampuni ni ndogo. Tangu 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja lazima alipe!

DadaWaMukono: Usinikumbushe mshahara. Kima cha chini kiliwekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, mpaka leo hakijaguswa. Bunge lilipitisha muswada 2019, rais hakusaini. 6,000! Rolex mbili, zile chapati za kukunja na yai, mwezi umekwisha.

FundiMikanda: Rolex mbili za wapi? Wandegeya kwa 6,000 unapata tatu.

DadaWaMukono: Za yai moja hizo. Mimi nasema rolex, sisemi chapati iliyopakwa yai.

Mwenye uzi: Jamani, nimetoka kumpigia kijana. Kidole kimoja wanasema hakitapona. Mzee hajampigia hata simu.

MtuWaJinja: Pole yake sana, mwambie tunamwombea. Lakini dada, rolex ya mayai mawili hapa Jinja ni 2,500, na nyanya wanaweka.

KibaruaArua: Na kabeji?