Kanywa maji ya mama yangu, karudisha glasi, ndipo akauliza "kwani nyie bado mpo?"

Mwana wa Kikatiti:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule jamaa wa barabara, anayepaka X kwenye nyumba za kuvunjwa, amekuja tena. Wote mnaokaa kuanzia Tengeru kuja huku mnamjua, sina haja ya kumtaja: kizibao cha kung'aa, buti ambazo hazijawahi kukanyaga kifusi, kopo la rangi mkononi. Mama akamtolea kiti, akampa maji. Kayanywa yote. Karudisha glasi. Halafu kaiangalia nyumba yetu juu mpaka chini, kamgeukia mama: "Kwani nyie bado mpo?"

Bado mpo! Tulitakiwa twende wapi, na kwa hela gani?

Machi 2016 marais wa Afrika Mashariki walikuja kuzindua ujenzi pale Tengeru, barabara ya Arusha mpaka Holili, ivuke Taveta iende zake Voi. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Sakina hadi Tengeru wakapata njia nne, kilomita 14.1. Mjini wakapata baipasi ya kilomita 42.4. Sisi tukapata X. Njia nne imefika Tengeru ikakata roho, na kuanzia hapo malori, Noah, bodaboda na ng'ombe wote wanagombania njia mbili zilezile. Ukiuliza unaambiwa awamu inayofuata. Usanifu, mapitio ya usanifu, mapitio ya mapitio. Watoto waliozaliwa X ikiwa mbichi leo wanajua kuiandika, na wamejifunzia ukutani kwetu!

X yetu ilikuwa ya kijani. Kijani maana yake utalipwa fidia, nyekundu unavunjiwa bure. Kwa hiyo huezeki upya, hupaki rangi, hata choo hujengi, mtendaji anakuambia usiongeze kitu. Mpangaji wa fremu ya mbele kahama, nani aweke duka kwenye ukuta wa kuvunjwa? Benki wakiona picha ya nyumba wanakurudishia bahasha. Tumevumilia yote hayo.

Leo kaja na rangi NYEKUNDU. Kapaka juu ya kijani yetu. Mama kamuuliza kwa upole kabisa, "Baba, mbona umebadilisha?" Eti kijani imewaishia.

Na haya yote baada ya kunywa maji ya mama. Angeuliza kabla ya kunywa ningemwelewa. Kanywa kwanza, kajifuta mdomo, ndipo "bado mpo". Mama hajala mpaka sasa hivi.

Chalii wa Sakina:

Pole mkuu. Ila picha iko wapi? Uzi wa X bila picha ya X ni chai.

Dalali Msema Kweli:

Si mlijifanya wajanja mkajenga kwenye hifadhi ya barabara? Nyekundu ni halali yenu. Hameni.

Mwana wa Kikatiti:

Dalali usinitibue. Hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoisogeza mpaka mita 30, ikatukuta ndani tumelala. Babu alijenga kabla hujajua kuvaa kaptula. Aliye katikati ya hizo mita analipwa, ndiyo maana ya kijani! Na huyo jamaa analijua hilo, kanywa maji akilijua.

Mama Ndizi:

Ni yule mwenye miwani? Kwetu Maji ya Chai alipewa maziwa. Alivyomaliza akauliza huyu ng'ombe naye kathaminiwa?

Konda Mstaafu:

Hahahaaa, kwa hiyo nyie mnamlisha wenyewe. Jamaa anazunguka na kopo akipata kifungua kinywa kila nyumba, akifika Bomang'ombe keshashiba!

Mpima Viwanja:

Acheni utani kidogo. Mkuu, hiyo tathmini yenu ilifanyika lini? Uthamini wa fidia unaishi miaka miwili tu. Ikipita hawajalipa, inatakiwa kurudiwa kwa bei za sasa. Na wakichelewesha malipo zaidi ya miezi sita kuna riba. Tafuteni nakala ya fomu mliyosaini na picha ya ile X ya kijani kama mnayo, muende nazo kwa Mkuu wa Wilaya. Msikubali kuondoka kwa rangi.

Mwana wa Kikatiti:

Fomu ipo, mama anaitunza pamoja na cheti cha ndoa. Asante mkuu. Lakini riba ya "kwani nyie bado mpo" inalipwa na nani? Kamuuliza mama yangu, kwenye kiti cha mama yangu!

Chalii wa Sakina:

Mnaililia njia nne hamjaishi nayo. Huku kuvuka kwenda dukani ni kuaga familia. Ukikosa pa kugeuzia gari unakwenda kugeuzia kwa watu wa mbali. Bodaboda wote wanakuja wamekupinga, na ukipiga honi wanakutukana wewe.

Mangi wa Weruweru:

Aisee, angalau nyie mna X. Sisi huku tuna daraja la Kikafu. Lori likishindwa breki kwenye ule mteremko darajani, Moshi na Arusha zinakuwa nchi mbili. Daraja jipya nalisikia tangu sijaoa, sasa nina wajukuu. Desemba ndiyo usiseme, watu wanatoka Dar kuja Krismasi, wanamaliza mbuzi wakiwa bado wako foleni Himo.

Konda Mstaafu:

Mangi, foleni ya Desemba mnaileta wenyewe. Kila mtu na gari lake, hata anayekaa peke yake.

Mangi wa Weruweru:

Unataka nipande Noah yenu mliyopakia watu kumi na mbili na konda juu? Tena konda mwenyewe wewe!

Mama Ndizi:

Kikafu hapana neno, tatizo trafiki na tochi zao. Kibao cha 50 kimefichwa kwenye mgomba, wao wamekaa mtaroni.

Dalali Msema Kweli:

Ukienda 50 hawakuoni. Matuta ndiyo shida. Usa River mpaka Moshi ni matuta matupu, shokapu zimekwisha.

Mama Ndizi:

Matuta yasiguswe! Watoto wetu wanavuka hapo kwenda shule.

Mwana wa Kikatiti:

Jamani, na mama yangu?

Konda Mstaafu:

Msalimie sana. Dalali, shokapu za Noah unanunua wapi siku hizi? Za Kilombero sokoni ni feki, nimefunga juzi tayari zinalia.