Mrejesho: Fundi wa mashati na suruali za kiume, Unguja mjini

Assalaam alaykum. Nawashukuru ndugu zangu mlionijibu nilipouliza ni fundi gani hapa mjini anayeshona vizuri nguo za kiume kwa vipimo vya mtu mwenyewe.

Nilinunua kitambaa cha pamba Mchangani, nikakiloweka na kukianika kabla ya kukipeleka kwa fundi, maana pamba isiyofuliwa kabla ya kushonwa hurudi, yaani hupungua, ikija kufuliwa, na shati huja kubana mabegani. Nilimchagua fundi mmoja karibu na Darajani baada ya kuzigeuza ndani nje nguo za wateja wengine na kuona mishono imenyooka, na kingo zake zimezungushwa uzi zisifumuke. Alinipima nikiwa na viatu, akaniuliza simu huitia mfuko gani, suali ambalo mafundi wengi hawalifikirii.

Shati limenikaa barabara, hasa ukosi, ambao unafunga bila ya kukaba. Suruali ilibana mapajani nilipokaa kitako, lakini kwa kuwa alikwishabakiza kitambaa cha ziada ndani ya mshono, aliifumua na kuipanua nikimsubiri. Kwa ahadi, lakini, ni fundi kama mafundi wengine. Anayetaka nguo ya Sikukuu na ampelekee kabla ya Ramadhani kuingia.