Mwanafunzi wa PhD alazimishwe kuchapisha makala kabla ya kuhitimu?

Mtafiti wa Moro: Wanajamvi, chuo chetu hakimruhusu mtu wa uzamivu kuvaa joho mpaka awe na makala mbili zilizochapishwa majaridani. Tasnifu nimeshaimaliza tangu mwaka jana. Makala moja imekataliwa, ya pili jarida linataka dola 350 ndipo liitoe. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Sharti hili ni la haki kweli?

Mwalimu Nakuru: Ni la haki kabisa. Huku Kenya tumeona ulegevu unakotupeleka. Juni 2019 chuo kikuu cha JKUAT kilitunuku PhD 118 kwenye mahafali moja, hadi Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaingia kuchunguza. Na tume hiyohiyo ndiyo iliyotaka 2014 kila mhadhiri awe na PhD ndani ya miaka mitano, watu wakakimbilia vyeti. Makala ni chujio. Wanaolia ni hawa wa tasnifu za Kiswahili, zile mtu anaandika akiwa kitandani.

Binti Micheweni: Kitandani? Mimi nimeandika kwa Kiswahili, juu ya msamiati wa mafundi wa vyombo vya baharini Pemba. Miezi saba uwandani. Siku ya kwanza fundi hakujibu swali hata moja, alinipa tezo akanionyesha gogo. Nilichonga mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Siku ya nne ndipo akasema, "Sasa uliza." Nilipouliza taruma ni nini, alinishika mkono akaupitisha juu ya ubao, kutoka mkukuni, uti wa chini wa chombo, kwenda juu kama ubavu. Hicho kitanda nakuomba ukilalie wewe usiku mmoja.

Kaka Sinza: Dada, pole, lakini hakukutaja wewe. Tuseme ukweli tu, Kiswahili hakina istilahi, maneno ya kitaalamu. Mimi ni wa uhandisi wa maji, ningeandika nini?

Mzee wa Mlimani: Istilahi haziokotwi chini ya mti kama maembe, mwanangu, zinaundwa. Kamati ya Lugha ilianza 1930, ikawa TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, 1964, leo ni TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na pale watu wanaandika uzamivu kwa Kiswahili na kuutetea kwa Kiswahili mbele ya jopo. TUKI hao hao walishatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Uliwahi kuifungua?

Kaka Sinza: Shikamoo mzee. Na wajukuu zako wanasoma shule gani? Za Kiswahili?

Mzee wa Mlimani: Marahaba. Wajukuu wangu wana wazazi wao, kawaulize. Mimi nimekuuliza habari ya kamusi.

Mwalimu Nakuru: Binti, mimi nilisema Kiswahili NA kitandani kwa sababu nimesoma tasnifu nyingi za uhakiki ambazo mtu hakutoka nje ya maktaba. Ya kwako ni tofauti. Lakini swali langu lipo palepale: bila makala nani atajua kuna tofauti?

Binti Micheweni: Msimamizi angejua, kama angesoma. Sura yangu ya pili ilikaa mezani kwake miezi kumi na moja. Ilirudi imesahihishwa koma moja, ukurasa wa kwanza. Halafu nikaambiwa nimechelewa, nilipe ada ya mwaka mwingine. Chujeni na wasimamizi.

Kaka Sinza: Hapo umegusa penyewe. Wangu hapokei simu.

Mtafiti wa Moro: Wangu anapokea, ila anataka jina lake litangulie kwenye makala. Binti, zako ulizipeleka wapi? Ulilipa?

Binti Micheweni: Sikulipa hata senti. Nilipeleka jarida la chuo, la Kiswahili. Wasomaji wawili nisiowajua walinirudishia maswali kurasa nne, moja nililia nalo. Ilichukua mwaka na nusu kutoka. Anayekutaka dola kabla hajauliza swali hata moja, mkimbie kaka yangu.

Mtafiti wa Moro: Yangu iko kwa Kiingereza. Niitafsiri?

Mzee wa Mlimani: Usiitafsiri. Iandike upya.

Mvuvi wa Kilwa: Napita tu. Dada wa Pemba, tasnifu iko maktaba gani? Baba ni fundi wa majahazi, macho yamekwisha. Nataka nimsomee hapo pa taruma, atasema kama fundi wako kasema kweli.