Shogi: Mchezaji mkali amwachie nini mgeni ili mchezo uwe wa haki?

MwanaMakadara (mwanzilishi wa mada)

Assalamu alaykum wanajukwaa. Kundi letu la shogi, yaani sataranji ya Kijapani, hapa Mombasa limepokea wageni wengi waliozoea bao na sataranji, na pengo kati yao na wachezaji wa zamani ni kubwa kiasi kwamba mchezo wa sawa kwa sawa unakwisha kabla mgeni hajaelewa alikoshambuliwa. Njia zinazopendekezwa ni tatu: mchezaji mkali kupewa muda mchache kwenye saa, mchezaji mkali kuondoa baadhi ya kete zake kabla ya kuanza, au mgeni kuanza na askari wa ziada mkononi. Naomba tuzilinganishe kwa ajili ya mtu ambaye ndiyo kwanza amejua jinsi kila kete inavyotembea.

BintiKisauni

Wa alaykum salaam, kaka. Mimi nasimama na kuondoa kete, na nitaeleza kwa nini. Kila mchezaji wa shogi huanza na kete 20: mfalme, ngome moja, askofu mmoja, dhahabu mbili, fedha mbili, farasi wawili, mikuki miwili na askari tisa. Wajapani wana ngazi zilizozoeleka. Ngazi ya kete mbili huondoa ngome na askofu. Ya kete nne huongeza mikuki yote miwili. Ya kete sita huongeza farasi wote wawili. Ya nane huondoa na fedha pia. Na ya kumi humwacha mchezaji mkali na mfalme na askari wake tu.

Mtu aliyetoka kwenye sataranji akisikia kwamba mwenzake hana ngome wala askofu hudhani mchezo umekwisha. Sivyo. Katika shogi kete uliyoila huwa yako, na unaweza kuirudisha ubaoni ikupiganie, kama vile kete zinazotekwa kwenye bao zinavyosambazwa upande wa aliyeziteka. Mchezaji mkali asiye na ngome atangoja mgeni akosee, aile ngome ya mgeni, kisha aitumie. Kwa hiyo kete mbili ni ngazi ngumu kwa anayeanza, na ndiyo maana nashauri aanzie kete sita.

FundiTononoka

Naunga mkono kete sita, nami nitaonyesha kinachotokea ubaoni. Katika ngazi hiyo mchezaji mkali hana mkuki wala farasi katika ukingo wowote, hivyo safu za pembeni kabisa hazina mlinzi wa asili. Mgeni anasukuma askari wa ukingo wa kushoto hatua kwa hatua, mkuki wake ukiwa nyuma ya askari huyo, kisha anaihamisha ngome yake hadi safu hiyohiyo. Sasa ana kete tatu katika safu moja, na mpinzani analazimika kukokota fedha au dhahabu kutoka katikati ili azibe. Mgeni anajifunza jambo kubwa mapema sana: kuhesabu washambuliaji na walinzi wa mahali pamoja kabla ya kuanza kula kete. Akipanda hadi kete nne, farasi wanarudi kwa mpinzani na hesabu ya ukingo inabadilika. Akifika kete mbili, mikuki nayo imerudi, na hapo hana budi kujenga ukuta wa kumlinda mfalme wake na kupanga shambulio la polepole.

Saa haifundishi hayo. Mgeni akipewa dakika 30 na mwenzake dakika 5, bado haoni hatari iliyo mbele yake, kwa kuwa tatizo lake si haraka. Saa inafaa kwa watu wawili waliokaribiana uwezo.

MkaaziWaLikoni

Dada na fundi, kwa heshima, sikubaliani kwamba kila mtu aanzie sita. Watoto tunaowafundisha bado wanasahau kwamba mkuki haurudi nyuma, na kwao kete nane au kumi ni bora, kwa sababu wanapata nafasi ya kumfunga mfalme kwa mikono yao wenyewe, jambo ambalo mtoto hulihitaji kuliko mafunzo ya ukingo. Kuhusu askari wa ziada mkononi, naona njia hiyo inamchanganya anayeanza, kwani kuweka kete ubaoni ndiko kugumu zaidi kwake. Tena kuna sheria ya kutoweka askari wa pili katika safu ambayo tayari ina askari wako ambaye hajapandishwa cheo, na anayeivunja hupoteza mchezo papo hapo.

BintiKisauni

Kuhusu watoto nakubali kabisa, ndugu wa Likoni. Ninachokataa ni mchezaji mkali kuondoa mkuki mmoja tu na kudhani amemsaidia mtu mzima. Hiyo ni ngazi ya mabingwa: mwaka 1956, Masuda Kōzō alicheza bila mkuki mmoja dhidi ya Ōyama Yasuharu, aliyekuwa na cheo cha Meijin, kimojawapo cha vyeo vikubwa kabisa vya shogi, na akamshinda. Japani nzima ilishangaa kwa sababu wote wawili walikuwa wakali, na katika kiwango chao mkuki mmoja una uzito. Mgeni wetu hata hatautambua upungufu huo.

MwanaMakadara

Nawashukuru nyote. Nimeridhika kwamba tuondoe kete, saa ibaki kwa waliokaribiana, na askari wa mkononi tuwaache. Je, nani aanze, na lini mtu apandishwe ngazi?

FundiTononoka

Anayeondoa kete ndiye anayeanza, na kete zilizoondolewa hutoka mchezoni kabisa, haziingii mkononi mwa yeyote. Kuhusu kupanda, sisi humpandisha anayeshinda mara tatu mfululizo, na humshusha anayeshindwa mara tatu mfululizo. Mchezaji mkali naye acheze kwa nguvu zake zote. Akilegeza makusudi, matokeo hayatatuambia ngazi ya mgeni ni ipi, na mgeni ataondoka akiamini mashambulizi ambayo hayafanyi kazi.