Zamu ya usiku kwa Mama

*Kikundi: Wana wa Mama. Alhamisi, saa 4 usiku*

Kaka Daudi: Familia, usiku mwema. Tuendelee kumweka Mama mikononi mwa Mungu. Amina.

Neema: Amina kaka.

Shangazi Zuhura: Amin. Rehema mwanangu, mgonjwa ameshindaje?

Rehema: Shikamoo Shangazi. Hajambo kidogo. Dawa amemeza zote, nimemwogesha, nimemgeuza. Sasa hivi amelala.

Shangazi Zuhura: Marahaba. Na wewe?

Rehema: Mimi nipo tu.

Shangazi Zuhura: Nakuuliza wewe, si mgonjwa.

Rehema: Naomba niseme jambo, ila msinihukumu.

Rehema: Huu ni mwezi wa nne sijaweza kusali. Napiga magoti kando ya kitanda chake, naanza Baba Yetu, nikifika katikati najikuta nawaza saa ya dawa. Jana Mama aliniita mara ya sita nikamjibu kwa ukali. Akanyamaza. Halafu akasema "nisamehe mwanangu". Mama yangu ananiomba msamaha kwa sababu anataka maji.

Rehema: Watu wakija wananiambia napata thawabu kubwa. Mimi sihisi kitu. Namhudumia kama mashine. Najiona mnafiki.

Kaka Daudi: Pole sana dada yangu. Usikate tamaa. Zidisha maombi, Mungu hamtupi mja wake.

Rehema: Asante kaka.

Neema: Kaka, samahani. Amesema maneno hayaji. Tukimwambia azidishe maombi tunamwongezea kazi nyingine juu ya zile alizonazo.

Kaka Daudi: Sikukusudia vibaya.

Neema: Najua kaka.

Shangazi Zuhura: Rehema, jina hilo nilikupa mimi, baba yako akaridhia. Madrasa tulifundishwa kwamba kwa Kiarabu rehema na tumbo la uzazi vimetoka kwenye mzizi mmoja. Tumbo la uzazi halihisi utakatifu, mwanangu. Linabeba tu. Wewe mwezi wa nne huu umembeba aliyekubeba.

Rehema: Shangazi umeniliza.

Shangazi Zuhura: Lia. Mimi niko hapa.

Neema: Dada, kuna jambo nimekuwa nikilifikiria tangu uanze kuandika. Mama Teresa wa Calcutta unamjua. Shirika lake lilianza mwaka 1950, akapewa Nobeli ya Amani 1979. Alipokwisha kufariki, barua alizowaandikia mapadri wake zilichapishwa, mwaka 2007, watu wakashangaa. Karibu miaka 50 alikuwa akisali bila kuhisi kitu chochote, giza tupu. Na miaka hiyo hiyo ndiyo aliyokuwa akiwahudumia waliokuwa wanakufa barabarani. Kwa hiyo huo ukavu ulionao sioni kama ni unafiki.

Rehema: Miaka hamsini!

Rehema: Lakini Neema, yeye alikuwa na masista wenzake. Mimi usiku niko peke yangu.

*(Saa 4 na dakika 50)*

Kaka Daudi: Nimelisoma hilo mara nyingi sasa. Sina la kujibu.

Kaka Daudi: Jumapili hii ni zamu yangu kuhubiri, na somo ni Msamaria Mwema. Nimekuwa nikiliandaa wiki nzima.

Neema: Kaka, usichukulie vibaya ninachotaka kukuambia. Chuoni tulisoma utafiti wa Darley na Batson, wa mwaka 1973, uliofanyika Princeton, Marekani. Walichukua wanafunzi 40 wa theolojia, wakawatuma jengo la pili wakatoe hotuba fupi. Baadhi yao hotuba yao ilikuwa hiyo hiyo ya Msamaria. Njiani wakawekewa mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Na kwenda kumzungumzia Msamaria hakukuleta tofauti ya maana.

Neema: Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na haraka.

Shangazi Zuhura: La ilaha illallah.

Kaka Daudi: Sijachukulia vibaya. Ni kweli tupu.

Kaka Daudi: Nimefungua tena Luka 10. Siku zote nafundisha kwamba Msamaria alilipa dinari mbili, na mimi nimejiona niko upande wake kwa sababu kila mwisho wa mwezi natuma hela za dawa. Leo nimeona mpangilio. Zile dinari alizitoa siku ya pili. Kwanza alimfunga majeraha kwa mikono yake, akampandisha kwenye mnyama wake mwenyewe, akamfikisha nyumba ya wageni, akamuuguza. Mimi natoa dinari mbili tu. Usiku wa kwanza sijaukaa hata mmoja.

Kaka Daudi: Rehema, nisamehe.

Rehema: Kaka hela zako zimemfanya Mama awe na dawa. Usiseme hivyo.

Kaka Daudi: Nasema hivyo. Kesho usiku nakuja mimi. Na kila Ijumaa na Jumamosi kuanzia kesho, wewe unalala chumba kingine, mlango umefungwa.

Rehema: Mama hatakubali kuogeshwa na wewe.

Shangazi Zuhura: Kuoga niachieni mimi. Nitakuwa nafika asubuhi baada ya swala. Na mtu mwingine aliyemshukuru Mungu leo ni mimi, maana nilikuwa naogopa kujitolea nisionekane namvamia mtoto wa watu na mama yake.

Rehema: Shangazi! Nilikuwa naogopa kukuomba.

Neema: Mimi niko mbali, ila nitakuwa napiga simu ya video saa 2 usiku nizungumze na Mama, Rehema aoge bila kukimbizana. Kaka, ukija zingatia: unamgeuza kila baada ya saa mbili, mto katikati ya magoti, na unaangalia visigino, nyonga na chini ya mgongo. Ukiona ngozi imebadilika rangi na haitulii hata baada ya kumgeuza, nipigie papo hapo.

Neema: Na kuhusu kuita mara sita. Tulifundishwa habari za Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi, baadaye akasomea udaktari, akafungua hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, London mwaka 1967. Alisisitiza kwamba maumivu ya mgonjwa mahututi si ya mwili peke yake. Yako ya akili, ya uhusiano na watu wake, na ya roho, na yote huja kwa pamoja. Dada, Mama akiita usiku, kikombe unakikuta kitupu?

Rehema: Ngoja.

Rehema: Mara nyingi kimejaa.

Neema: Basi nadhani anataka kujua kama kuna mtu.

Rehema: Ooh Mama yangu.

Rehema: Naenda kukaa naye kidogo. Sitasali. Nitamshika mkono tu.

Shangazi Zuhura: Nenda mwanangu. Mungu anaona.

*Ijumaa, saa 8 usiku*

Kaka Daudi: Neema uko macho?

Neema: Niko zamu. Sema kaka.

Kaka Daudi: Mama ameniita mara nne. Mara ya tatu nikamuuliza, Mama unataka maji? Akasema hapana, wewe ni Daudi? Nikamwambia ndiyo. Akasema haya.

Kaka Daudi: Rehema hajaamka tangu saa 3.

Neema: Mwache alale.

Kaka Daudi: Saa mbili zimetimia, nataka kumgeuza. Alikuwa ubavu wa kulia. Naanza na mabega au nyonga?

Neema: Vyote kwa pamoja, mkono mmoja begani, mwingine kwenye nyonga. Mwambie kwanza unachotaka kufanya.

Kaka Daudi: Nimemwambia. Amenishika shati.