Spidi iko poa ila mpira unaganda kwenye tivii, shida ni nini?

mtazamaji_tabata
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, wageni wananicheka sebuleni kwangu mwenyewe. Nina faiba ya Mbps 20, rauta iko koridoni, smati tivii iko sebuleni na katikati kuna ukuta wa bloku. Mchana kila kitu shwari, muvi inacheza mwanzo mwisho. Ikifika saa mbili usiku ndo kasheshe, mpira laivu unakwama, kiduara kinazunguka weee, kikiacha unakuta jirani wa dishi keshashangilia goli kitambo. Nikipima kwa simu napata 18 mpaka 19. Nimewapigia watoa huduma, wanasema laini haina tatizo, nipande kifurushi cha 40. Sasa kabla sijatoa hela, kweli shida ni spidi?

kiberiti
Rudi kwenye dishi mkuu, huku adui ni mvua tu 😂

fundi_waya
Usipande kifurushi kwanza. Netflix wenyewe wanasema Mbps 5 zinatosha kwa 1080p na 15 kwa 4K, kwa tivii moja hiyo 20 yako ni nyingi. Swali langu, hiyo simu ulipimia wapi? Watu wengi wanapima wamesimama pembeni ya rauta halafu wanashangaa. Pima kwenye tivii yenyewe, fungua brauza yake ingia fast.com, na upime muda ule ule mpira unakwama, sio saa nne asubuhi mtaa mzima uko kazini.

Halafu tafuta kebo ya LAN, Cat5e inatosha, itoe kwenye rauta mpaka nyuma ya tivii hata kama itapita katikati ya sebule usiku mmoja, mama watoto atavumilia. Ikitulia ujue ugonjwa ni waifai. Isipotulia achana na waifai kabisa, utazungusha rauta nyumba nzima bure. Kama ni waifai, angalia tivii imekamata masafa ya 2.4 au 5 (GHz). Ile 2.4 inapenya kuta lakini imejaa, waifai za majirani zote ziko humo na hata maikrowevu inaivuruga, kwa hiyo ingia kwenye menyu ya rauta uiweke chaneli 1, 6 au 11, chagua ambayo majirani hawajairundikia. 5 ina kasi ila ukuta wa bloku unaimaliza. Na kama rauta iko ndani ya kabati au nyuma ya friji, itoe leo hii.

binti_kigamboni
Hapo kwenye kebo nakataa kaka. Tivii yangu kwa kebo napata 94 tu, nikirudi waifai ya 5 napata karibu 200. Sasa kebo ya nini?

fundi_waya
Dada yangu tundu la LAN kwenye tivii nyingi mwisho wake ni Mbps 100, ndo maana unagota 94. Lakini 4K inakula 15 mpaka 25, hizo zingine zote utazipeleka wapi? Kwenye tivii tunatafuta mtiririko usiokatika, hiyo namba kubwa ni ya kuwaringishia watu. Waifai inaweza kukupa 200 sasa hivi na sekunde mbili baadaye ikashuka mpaka 3, kipimo hakikuonyeshi hilo.

mwana_wa_ziwa
Sisi wa rauta za 4G huku Mwanza hayo ya kebo hayatuhusu sana, mnara ukielemewa jioni umeelemewa tu. Ila ingia kwenye menyu ya rauta uangalie RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia rauta. Ikiwa -85 uko vizuri, ikiwa -110 hamisha rauta dirishani upande wa mnara, namba inabadilika unaiona kabisa.

kisimani
Mimi nalipa elfu kumi kwa mwezi chaneli za dunia nzima, nazo zinaganda kila wikiendi. Na mimi nivute kebo?

mzoefu_mtulivu
@kisimani hizo za magendo hata ulete faiba ya ikulu, seva yao ndo inakufa mechi kubwa ikianza. Okoa elfu kumi yako.

Mleta mada, umesema muvi inacheza na laivu ndo inakwama. Muvi tivii inajiwekea akiba mbele, intaneti ikiyumba kidogo wewe huoni. Laivu akiba itoke wapi wakati mpira ndo unachezwa? Inakuja vipande vya sekunde chache chache, kimoja kikichelewa kiduara hicho. Na jirani wa dishi atakutangulia tu hata laini yako iwe nzima, hilo lizoee.

Sasa saa mbili usiku nani anarudi nyumbani? Faiba nyingi za majumbani njia ya kutuma ni ndogo kuliko ya kupokea. Simu ya mtu ikianza kupandisha video kwenye hifadhi ya mtandaoni, au una kamera ya getini inayorekodi huko huko, njia ya kutuma inajaa. Na tivii kabla ya kupokea kipande lazima itume ombi, ombi linakaa nyuma kama bodaboda iliyobanwa na malori. Kwenye fast.com bonyeza maelezo zaidi, inakupa ucheleweshaji, yaani milisekunde za ombi kwenda na jibu kurudi, laini ikiwa tupu na ikiwa na mzigo. Ya pili ikiruka mbali sana, umempata mchawi.

mtazamaji_tabata
Wakuu nimerudi. Kebo nimevuta, ikakwama vile vile, kwa hiyo ukuta wangu hauna kesi. Nikapima ule ucheleweshaji usiku, tupu 14, ukiwa na mzigo unapita 700! Nikaanza kuzima kimoja kimoja. Kamera ya getini ikapunguza kidogo. Kuzima waifai kwenye simu ya shemeji, mpira ukanyooka hapo hapo. Anapiga picha za harusi huyu, akiingia tu ndani simu inaanza kupandisha mavideo ya siku nzima. Tumeiseti ipandishe usiku wa manane. Cha 40 sinunui. Ila akija mgeni mwingine na simu yake je?

mzoefu_mtulivu
Kama rauta yako ina QoS au SQM, yaani mpangilio wa kupanga foleni ya data, iwashe, halafu spidi ya kutuma iandike pungufu kidogo ya uliyopimiwa. Laini ikitoa 5 andika 4.5, hapo foleni inapangwa na rauta yako yenyewe na tivii inapata nafasi hata mgeni akipandisha. Zile rauta za bure za watoa huduma nyingi hazina hiyo kitu, tutumie picha ya menyu tuone.