Toyota Fielder NZE121: nipige presi bushi pekee, ninunue amu nzima ama nifunge za poli?

Nyalenda_121
Wadau habari zenu. Niko na Fielder ya 2004, injini safi kabisa, lakini mbele ikipanda matuta ya Ahero inagonga, na nikikanyaga breki usukani unavuta kando. Fundi ameinua akachomeka mtaimbo, bushi kubwa (ule mpira wa kuungia) ya nyuma ya lowa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, imechanika hadi chuma cha ndani kinacheza. Sasa huyu anasema presi bushi, yaani mpya isukumwe ndani ya amu kwa mashine, yule amu nzima, na mwenye duka la spea ananisukumia zile bushi nyekundu za poli (polyurethane, plastiki ngumu badala ya mpira). Gari ni ya kazi, Kisumu Kericho kila saa.

MzeeWaSpana
Bushi pekee, kama amu haijapinda wala kuoza na kutu. Na mtu asikutishe na boljointi, kile kiungo cha amu na gurudumu, kwenye hiyo gari inafungwa na nati zake, unabadilisha kivyake.

Mama_Premio
Mzee ni kweli lakini presi ni ya kutafuta, wengi wanapiga tu na nyundo mpaka bushi inaingia upande. Amu nzima fundi anafungua anafunga, saa mbili uko barabarani. Shida ni zile za bei rahisi, mpira laini, hata mwaka haumalizi. Na za mitumba kutoka Japani usiguse, unanunua mpira wenye umri kama wako.

Shabab_Racer
Mimi nilifunga poli kwa Corolla 110 yangu hapa Nakuru. Oili haiziharibu, kona gari imetulia, sina ubaya nazo. Lakini kila shimo unalisikia kwa mgongo, na ile grisi ya silikoni ikiisha zinalia kama kitanda cha lojingi. Bibi alikataa kuipanda.

Nyalenda_121
😂😂 Hapana, mimi nabeba wateja.

MzeeWaSpana
Basi mpira, tena orijino, na pande zote mbili. Sasa sikiliza hii maana mafundi wengi wanairuka: bolti za amu zisikazwe gari ikiwa juu ya jeki na miguu inaning'inia. Mpira wa bushi umegandishwa kwa chuma cha ndani na cha nje, hauzunguki, unajipinda tu. Ukikaza ikining'inia, ukishusha gari mpira unabaki umejisokota hata ukiwa umepaki, halafu unachanika mapema na lawama inaenda kwa spea. Washikishe bolti tu, shusha gari ikae na uzito wake, isukume mbele na nyuma kidogo, ndio wakaze kabisa. Kwa poli haina maana sana kwa sababu yenyewe inazunguka.

Mama_Premio
Kumbe ndio maana zangu zilikufa haraka hivyo!! Mimi nilikuwa nalaumu mwenye duka.

Nyalenda_121
Shukrani mzee. Naenda na bushi orijino. Nani anajua mtu wa presi ya kweli upande wa Kondele? Si wa nyundo tafadhali.

Shabab_Racer
Na upige alaimenti (kunyoosha magurudumu) baadaye, kama tairi zimeanza kulika ndani usipoteze hizo zilizobaki. Pia angalia kama injini inavuja oili juu ya hiyo amu, funga hiyo kwanza, oili inalainisha mpira.